Vumbi la chuma kwenye kidole cha fundi

Mhadhara mbele ya madereva, wenye magari na mafundi, Katuba, Lubumbashi

Bamama, bapapa, na ninyi bandugu mafundi mliokaa kule nyuma karibu na mlango: jambo hili nimelisema Kampemba, nimelisema Kamalondo, na nitalisema mpaka lisikike. Fundi anayekutega kwa hila ili umpe pesa hajafanya ujanja wa sokoni. Amefanya kosa la jinai, na anaweza kufungwa.

Nianze na lililonipata mimi. Gari langu lilikuwa linatoa mlio chini, kama kopo linalogongwa. Nikalipeleka garaji moja hapa mjini. Fundi akachomoa kijiti cha kupimia oili, akakipitisha kidoleni, akaninyoshea kidole. Oili nyeusi, na ndani yake vumbi la chuma linameremeta kama magamba ya samaki. Akaniambia: "Mukubwa, motere imekufa. Kusine, zile beringi za ndani ya injini, zimekwisha. Ukienda nayo Likasi, itakatika njiani, utaua watoto."

Aliposema watoto, nililegea. Nikatoa avanse, malipo ya kwanza, ya dola 300 palepale, sikuuliza hata devi, ile karatasi ya makadirio ya gharama.

Jioni nikamsimulia mzee jirani yangu, fundi mstaafu wa reli. Akauliza neno moja tu: "Ulijaribu sumaku?" Asubuhi tukaenda wote. Kile kitambaa alichofutia kidole kilikuwa bado pale mezani. Mzee akafunga sumaku kwenye karatasi nyeupe, akaipitisha juu ya kitambaa. Vumbi lote likaruka likashika. Akaeleza kwa upole kabisa kwamba uso wa kusine ni wa madini laini, risasi, bati, shaba au aluminiamu, na hayo sumaku haiyavuti. Kisha akaomba oili yote imwagwe kwenye beseni. Tukaichungulia juani: hakuna hata chembe. Mzee akageuka, akatazama jiwe la kunolea pembeni ya meza. Chini yake kulikuwa na lundo la vumbi lilelile.

Na ule mlio? Bati la kukinga joto lililolegea kwenye bomba la moshi. Mzee alilikaza kwa dakika kumi.

Sasa sikilizeni sheria. Kanuni yetu ya Adhabu hapa Kongo ni ya tarehe 30 Januari 1940. Kifungu cha 98 kinamwadhibu mtu anayejipatia mali ya mwenzake kwa hila za kumtia tumaini au hofu: hofu ya ajali, hofu ya tukio la kubuni, lile Wafaransa wanaloliita "chimérique". Hofu ya ajali! Nilipokisoma tena usiku ule niliona kidole cha fundi kwenye ukurasa. Adhabu yake ni kifungo cha miezi 3 hadi miaka 5 na faini, au mojawapo ya hizo mbili peke yake.

Najua kuna anayesema moyoni: Maître, wewe wakili, kila mfanyabiashara anasema uongo, utawafunga wote? Siwafungi. Uongo mtupu wa mdomo hautoshi, na hapo nawaunga mkono. Lazima pawe na hila, tendo linaloufanya uongo uaminike. Vumbi kidoleni ni tendo. Kipande kibovu cha gari lingine, unaonyeshwa eti kimetoka kwenye lako, ni tendo.

Na ninyi wateja, hapa mnanichosha. Fundi akichelewa wiki mbili, mnakimbia polisi afungiwe. Kwa kosa gani? Fundi aliyekosea kwa nia njema, aliyechelewa, aliyeshindwa kutengeneza, huyo mambo yake ni ya madai. Nchi yetu iko ndani ya Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa tangu 1976, na kifungu chake cha 11 kinakataza kumfunga mtu kwa sababu tu ameshindwa kutimiza mkataba. Mkichanganya hayo mawili, mnamwonea fundi mwaminifu, na yule wa vumbi anajificha nyuma yake.

Fundi wangu wa vumbi alinirudishia dola zote 300, akasema basi, yameisha. Hayajaisha. Kosa lilitimia pesa zilipotoka mkononi mwangu. Kurudisha kunaweza kupunguza adhabu, hakufuti kosa. Nikapeleka shitaka. Kwa kuwa adhabu haipiti miaka 5, kesi hizi ni za mahakama ya amani, Tripaix, na mwathirika anaweza kumwita mshitakiwa mwenyewe moja kwa moja, bila kungoja Parke, ofisi ya waendesha mashitaka.

Muda unanikimbia. Haraka: ulimpa fundi pesa za kununua piesi, vipuri vya gari, akazila? Hiyo ni kuvunja uaminifu, kifungu cha 95, nayo hufika miaka 5. Breki alizosema amebadilisha kumbe amezipiga msasa tu, mtu akafa: kifungu cha 52 na cha 53 juu ya kuua bila kukusudia, na hapo msiniambie habari ya umaskini. Piesi kuukuu ni mali yako. Idai, uondoke nayo.

Kijana kule mlangoni ameinua mkono tangu mwanzo. Anauliza: na kama mwenye duka ndiye aliyenidanganya mimi fundi, akaniuzia plakete za breki za bandia kwenye boksi la kampuni? Swali zuri sana. Kumdanganya mnunuzi kuhusu asili ya kitu ni kifungu cha 99, hadi mwaka 1, na hapo mlalamikaji ni wewe. Lakini utakuja kwangu na nini mkononi? Dai faktire, ankara ya mauzo, yenye jina la duka, tarehe na aina ya piesi. Na boksi usilitupe.