Kikapu Kilichopelekwa kwa Waliogoma Kula

Mabibi na mabwana, nawashukuru kwa kunialika, ingawa walionialika walijua fika nitakalosema, na baadhi yenu ninaowaona mkitabasamu pale nyuma mmeshalisikia zaidi ya mara moja. Nitalisema tena kwa sababu bado halijatuingia. Kila tunapozungumzia raia waliosimama dhidi ya utawala wa mabavu, tunahesabu siku za rungu na kuziacha siku za kulishana, kana kwamba waliosimama hawakuwa na matumbo wala hawakuona baridi.

Kisa cha Freedom Corner, ile pembe ya bustani ya Uhuru Park jijini Nairobi, mnakijua, kwa hiyo sitakisimulia chote. Tarehe 28 Februari 1992 akina mama wa wafungwa wa kisiasa, wengi wao wazee waliotoka mashambani, wakiwa pamoja na mtetezi wa mazingira Profesa Wangari Maathai, walikwenda kwa Mwanasheria Mkuu Amos Wako kudai wafungwa 52 waachiliwe. Waliambiwa waende nyumbani wakasubiri. Wakaona kusubiri ni sawa, ila watasubiria Uhuru Park, na hapo wakagoma kula. Jumanne, tarehe 3 Machi, polisi wakafika na rungu na vitoa machozi. Maathai akapigwa hadi akazirai, na baadhi ya akina mama wakavua nguo mbele ya vijana wenye sare ambao wangeweza kuwa wajukuu wao, jambo ambalo katika jamii zetu nyingi ni laana isiyohitaji maneno. Tukio hilo ndilo lililobaki katika kumbukumbu ya taifa, na linastahili. Lakini baada ya tarehe hiyo kulifuata nini? Lilifuata kanisa la All Saints, lililo jirani na bustani, ambako Provosti Peter Njenga aliwapokea, nao wakakaa katika chumba cha chini karibu mwaka mzima. Siku moja ya rungu imeandikwa na kila mtu. Karibu mwaka mzima wa sabuni haukuandikwa na yeyote.

Fanyeni hesabu pamoja nami, nanyi walimu wenzangu mnisahihishe. Tuseme walikuwa wanawake 10 tu, na kila mmoja alipata kikombe kimoja cha uji asubuhi kwa siku 300. Hivyo ni vikombe 3,000, kabla hatujahesabu chakula cha jioni, dawa za presha, maji ya kuogea na nauli ya atakayekwenda kijijini kuangalia kama ng'ombe wa mama fulani amekamuliwa. Nani aliuchemsha uji huo? Tunajua jina la Mwanasheria Mkuu, lakini aliyesonga uji hatumjui.

Mimi namjua mmoja, na hapo ndipo wenzangu wa nyuma huanza kutazama saa. Wakati huo nilikuwa mwalimu kijana wa shule ya msingi, nimepanga chumba Majengo, Pumwani, hapo hapo Nairobi, katika nyumba ya bibi mmoja wa Kiislamu aliyeishi kwa kukaanga mahamri. Jumapili ya tarehe 1 Machi asubuhi alinikuta uani nikinyoa ndevu, akaniuliza, "Mwalimu, una safari ya mjini?" Nikamjibu, "Sina, Mama." Akasema, "Sasa unayo," akanikabidhi kikapu kilichofunikwa leso, bado kina moto. Nilipoelewa kinakwenda wapi, niliogopa. Nawaambia vijana waziwazi kwamba niliogopa, kwa sababu nilikuwa mtumishi wa serikali, na kwa sababu katika miaka iliyotangulia watu walikuwa wamefungwa jela kwa kukutwa na karatasi tu. Ng'ambo ya Uhuru Highway lilikuwepo jumba la Nyayo House, ambalo katika vyumba vyake vya chini watu waliteswa na kusimamishwa ndani ya maji. Ukiwa Freedom Corner, unaliona. Kikapu cha mahamri mahali pale hakikuwa kikapu tu, nami nilitembea nacho kama mtu aliyebeba kitu cha wizi.

Nilipofika, nilimpa kijana mmoja aliyekuwa akipanga watu. Akafunua leso, akacheka kwa upole, akaniambia, "Mwalimu, hawa mama wamegoma kula." Niliona aibu isiyo kifani. Mahamri yakaliwa na watu waliokuwa wameketi kwenye nyasi kuwasikiliza waliotoka mateso, ambao baadhi yao walikuwa wakisimulia hadharani kwa mara ya kwanza yaliyowapata. Nikarudi Majengo na kikapu kitupu, nikiwa nimejiandaa kumweleza yule bibi, kwa ustaarabu wote wa mtu aliyesoma, maana ya mgomo wa kula.

Hakuningoja nimalize. "Najua maana ya kutokula," alisema, "siku chache zijazo nitafunga mwezi mzima. Nani amekwambia nimewapikia wao? Nimewapikia waliokaa nao. Hao wakiondoka kwa njaa, mama wale watabaki peke yao, na aliyebaki peke yake hupigwa."

Nimesoma vitabu vingi vya siasa tangu siku hiyo, na sijaona mahali palipoeleza upinzani wa raia vizuri kuliko pale uani. Sisi humtazama aliye katikati, yule aliyegoma, aliyevua nguo, aliyezirai. Bibi yule aliutazama mduara wa pili, wa wale waliokaa nao, akaona kwamba ukilegea huo, wa kwanza hauna ukuta. Na yeye mwenyewe, kwa karai lake na jiko lake la makaa, alikuwa mduara wa tatu.

Mwezi wa Ramadhani uliandama siku chache baada ya kipigo cha tarehe 3. Akina mama walikuwa kanisani, na bibi yangu alikuwa na saumu. Alasiri alikaanga ya futari, na alipomaliza alitenga fungu, akaongeza mbaazi, mara nyingine sabuni ya kipande, na wiki moja leso mbili zilizokuwa zake mwenyewe, kisha akanituma All Saints. Mnaofunga mnajua kwamba mpishi mwenye saumu hupika kwa kukadiria, na jioni moja mbaazi zilikosa chumvi kabisa. Nilipewa salamu hizo nizipeleke Majengo, nikazipeleka, na sijawahi kumwona amefurahi kama siku hiyo, kwa sababu anayelalamikia chumvi amekula, na bado yupo.

Sasa najua mnachotaka kuniuliza, maana huulizwa kila mara na kijana mwenye haraka: Mwalimu, mbaazi ziliangusha serikali gani? Hazikuangusha yoyote. Rais Moi alishinda uchaguzi wa tarehe 29 Desemba 1992 na akatawala hadi 2002. Lakini akina mama hawakwenda Uhuru Park kuangusha serikali. Walikwenda kudai wana wao, na kufikia mwanzoni mwa 1993 karibu wafungwa wote walikuwa wametoka. Tafakarini hesabu iliyokuwa ikipigwa upande wa pili. Rungu lilikuwa limeleta aibu, basi ikabaki subira: hawa ni vikongwe, mvua ya masika inakuja, mashamba yanawangoja, watachoka na kurudi makwao bila kuguswa. Hesabu hiyo ilikuwa sahihi kwa kila kitu isipokuwa blanketi. Anayedharau blanketi aniambie ni hoja gani ya kisheria ingewaweka wazee wale pale hadi Desemba.

Wapo pia wanaosema kwamba wema ni mtego, kwa kuwa wanasiasa wetu nao hugawa unga na kuchangia makanisa. Hili nalikubali nusu. Mwalimu aliyefanya kazi miaka ile anajua kwamba Harambee, yaani michango ya pamoja, neno zuri lililotujengea madarasa, liligeuzwa kuwa kodi isiyo na sheria, na mimi mwenyewe nimewahi kukatwa mshahara kwa ajili ya jengo ambalo hadi leo sijaonyeshwa hata msingi wake. Lakini kulinganisha hilo na kikapu ni kukosa macho. Kimoja hutoka juu na huhitaji kipaza sauti; kingine hutoka ubavuni, na aliyekitoa yumo hatarini kwa sababu ya kukitoa. Unga wa mwanasiasa hukufanya umshukuru mtu mmoja. Mahamri ya Majengo, ambayo mwenyewe hakuonekana, hayakuwa na wa kushukuriwa isipokuwa mimi niliyeyabeba nikitetemeka, na sikustahili.

Naona mwenyekiti ameinua kalamu, kwa hiyo nitakimbia. Nilikusudia kuzungumza kwa kirefu juu ya maandamano ya Juni 2024 ya kupinga Mswada wa Fedha, lakini ninyi mlikuwepo na mimi nilikuwa nyumbani na miguu yangu mibovu. Niseme moja tu. Siku ile ya tarehe 25, waandamanaji walipoingia Bungeni na risasi zikapigwa, msikiti wa Jamia katikati ya jiji ulifungua milango, na majeruhi wakatibiwa humo bila kuulizwa wanasali wapi. Wananchi walichanga kwa M-Pesa kulipia matibabu, na mawakili walikwenda vituoni kutafuta waliokamatwa bila kudai ada. Kesho yake Rais alikataa kuutia sahihi Mswada wa Fedha. Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ilihesabu waliouawa 39 kufikia Julai mosi. Majina ya waliouawa mmeyahifadhi, na mmefanya vyema kuliko kizazi changu. Waliofunga vidonda je? Aliyeleta maji mlangoni mwa msikiti? Mnazo simu zenye kamera tatu kila moja, nami naogopa kwamba baada ya miaka 30 mtakuwa na picha ya moshi tu, kama sisi.

Sehemu ya askari, yaani wale waliofumba macho kwa makusudi ili mtu apite, naiacha, kwa sababu inahitaji jioni yake na kwa sababu baadhi yao bado wana pensheni ya kulinda.

Lililobaki ni ombi. Tangu nistaafu ninaandika katika daftari habari za watu waliopeleka kitu chochote All Saints kati ya Machi 1992 na mwanzo wa 1993: uji, sabuni, kuni, nauli, hata salamu. Nimejaza kurasa chache tu, na wenye habari hizo wanazidi kutuacha. Bibi wa Majengo alifariki kabla sijapata akili ya kumhoji, na ndiyo maana sijui hata unga ule aliununua kwa fedha gani. Kama mama yako, shangazi yako au jirani yenu alipika, njoo uniambie. Nitakuwa pale mlangoni, kwenye meza ndogo karibu na chai, na kalamu ninayo.