Nukta Moja, Tiketi Saba

Asanteni. Niliombwa nizungumzie uendeshaji wa seva za barua pepe, lakini nimeamua kuzungumzia nukta. Nukta moja tu. Nikimaliza mtaelewa kwa nini, na wale mliowahi kuomba msaada kwa kampuni iliyowauzia programu mtaelewa kabla sijamaliza. (Kicheko.)

Nilipigiwa simu na mtu wa uhasibu. Ametuma barua yenye kiasi 12.50, aliyeipokea anasoma 1250. Nikatazama nakala kwenye folda ya zilizotumwa: 12.50, safi kabisa. Nikaomba nionyeshwe ya upande wa pili: 1250. Wiki hiyo hiyo mwingine akalalamika kwamba barua yake imefika nusu, imekatika mwisho wa aya ya pili kama aliyekuwa anaandika alikata roho.

Nikafungua tiketi, yaani ombi la msaada, kwa kampuni iliyotuuzia programu ya barua pepe. Jibu lilikuja upesi, nikafurahi, kumbe limeandikwa na mashine: tatizo lako ni muhimu sana kwetu. Siku ya pili akaja mtu. Umejaribu kuzima seva na kuiwasha? Siku ya nne mtu mwingine: tafadhali pandisha toleo. Nikapandisha toleo usiku, watu wakiwa wamelala, na nukta zikaendelea kupotea. Siku ya sita wa tatu akauliza kama nimejaribu kuzima seva na kuiwasha. Nikamwambia asome tiketi kuanzia juu. Tiketi ikafungwa kwa sababu eti sijajibu swali.

Kwa kifupi, nilipigwa danadana hivyo tiketi sita. Katika ya tatu walisema kosa ni la seva inayopokea. Katika ya tano wakasema wamejaribu kwao na barua imefika salama. Nikauliza mmejaribu kwa barua gani? Wakanitumia. Ilikuwa na neno moja: "Jaribio". Sasa neno moja lina nukta wapi?

Hapo nikaacha kulalamika, nikaanza kuchimba. Kelele za mlango hazimzuii mwenye nyumba kulala, na mimi nilikuwa mlango kwa miezi miwili.

Ngoja niwaonyeshe seva mbili zinavyozungumza. Lugha yao ni SMTP, iliandikwa rasmi mwaka 1982 katika RFC 821, mmoja wa nyaraka za kanuni za intaneti. Seva inayotuma ikimaliza maneno ya barua, hutuma mstari wenye nukta peke yake. Nukta hiyo ndiyo "nimemaliza". Je, kama barua yenyewe ina mstari unaoanza na nukta? Sheria inasema mtumaji aongeze nukta ya pili mbele ya mstari huo, na mpokeaji aiondoe. Basi. Mambo hayo yako kipengele cha 4.5.2, na waraka unaotumika sasa, RFC 5321 wa mwaka 2008, umeyaweka kwenye 4.5.2 vilevile. Ni sheria ya zamani kuliko baadhi yenu humu ndani.

Nikasimamisha seva ya majaribio, nikazima usimbaji unaoificha barua njiani ili tcpdump, programu ya kunasa yanayopita kwenye mtandao, ione kila herufi, nikatuma barua ya mhasibu kama ilivyo. Nikaona. Barua zinazotoka nje zilikuwa zinaongezwa ile aya ya kisheria chini, mnaijua, ile isiyosomwa na mtu. Ili kuiongeza, programu ilikuwa inaipanga barua upya kwa mistari isiyozidi herufi 76, na mstari uliokatwa katikati unaachiwa alama ya usawa (=) mwishoni ili mpokeaji auunganishe na unaofuata. Mstari mmoja uliishia na 12 na alama ya usawa. Uliofuata ulianza na .50. Na kazi ya kuongeza nukta ya pili ilikuwa imeshafanyika kabla ya mistari kupangwa upya! Kwa hiyo nukta hii mpya ilitumwa bila nukta ya pili, mpokeaji akaiondoa kama alivyoagizwa na sheria, na 12.50 ikawa 1250. Mpokeaji hakuwa na kosa lolote.

Hata saini zetu za DKIM, zinazothibitisha kwamba barua imetoka kwetu na haikubadilishwa, zilikuwa zinashindwa mara moja moja, nami nilikuwa nalaumu funguo za kutia saini. Saini inapimwa juu ya maneno ya barua. Nukta ikiondolewa, maneno si yale.

Na ile barua iliyofika nusu? Nukta ya mwisho wa aya yake iliangukia mwanzo wa mstari, ikabaki hapo peke yake. Mpokeaji akaelewa: nimemaliza. Kilichofuata hakukihesabu kuwa barua, alikisoma kama amri. Wale wa usalama naona mmeinua vichwa. Ndiyo. Mtu anayejua kuhesabu hadi 76 angeweza kuandika amri zake chini ya nukta hiyo, na seva yetu ingezipeleka kwa jina letu.

Nataka niwe mwadilifu kidogo. Kijana wa ngazi ya kwanza hana msimbo wa programu, hana seva ya kujaribia, ana karatasi ya maswali, na anapimwa kwa idadi ya tiketi alizofunga. Simlaumu yeye. Namlaumu aliyeamua kwamba tiketi iliyofungwa ni sawa na tatizo lililokwisha.

Na haiwi hivyo kila mahali. Mnakumbuka tarehe 1 Januari 2022, seva za barua za Microsoft, Exchange 2016 na 2019, zilipoanza kurundika barua kwenye foleni. Kichujio cha virusi kilikuwa kinahifadhi namba ya toleo iliyoundwa kutokana na tarehe, 2201010001, ndani ya nafasi isiyoweza kubeba zaidi ya 2147483647. Kosa la aibu. Lakini Microsoft walikiri siku hiyo hiyo, wakaeleza chanzo chake, wakatoa skripti ya kurekebisha. Waendeshaji waliharibikiwa sikukuu, ila hakuna aliyeambiwa azime na kuwasha.

Tiketi ya saba sikuifungua kwenye dawati la msaada. Kampuni ilikuwa na anwani ya kuripotia mianya ya usalama. Nikaandika mistari kumi na miwili: barua ya jaribio yenye nukta herufi ya 76, kilichoonekana na tcpdump, kipengele cha 4.5.2, na sentensi moja kwamba amri za mgeni zinapita. Sikuweka hasira yoyote ndani, na hiyo ilinigharimu kuliko uchunguzi wenyewe. (Kicheko.) Kesho yake asubuhi nikajibiwa na mtu aliyeuliza swali moja tu, swali la maana: je, inatokea pia aya ya kisheria ikizimwa? Haikutokea. Baada ya siku tisa toleo jipya likatoka.

Nikasoma maelezo ya toleo hilo nitafute nukta yangu. Yameandikwa: "Maboresho madogo ya uthabiti."

Jana, nikijiandaa kuja hapa, nimeingia kuangalia ile tiketi ya tano. Bado imeandikwa: imefungwa, tatizo halikuonekana. Chini yake wameniomba niwape nyota.

Haya, maswali.