Namna ya Kuandika Kichwa cha Gazeti la Zamani Ambacho Hakikuwahi Kuchapishwa

Karibuni, watazamaji wapendwa. Leo, nikiwa hapa Mtwara mjini, nitawaonyesha hatua kwa hatua namna ya kuchukua habari kubwa ya zamani, kuigeuza mahali pamoja tu, na kuiandikia kichwa cha gazeti kitakachomchekesha msomaji huku mwandishi mwenyewe akiwa amekaza uso kama karani wa mahakama. Mnahitaji karatasi, kalamu, na simu au kompyuta yenye programu yoyote ya kupanga maandishi.

Hatua ya kwanza ni kuchagua tukio. Chagueni lile ambalo, kama lingekwenda vingine, mtaa wenu usingekuwa ulivyo leo. Kwa sisi watu wa Kusini sijaona linalofaa kuliko mpango wa karanga. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza, ikisumbuliwa na uhaba wa mafuta ya kula baada ya vita, ilianzisha mpango wa kulima karanga katika ekari zaidi ya milioni tatu za Tanganyika, Kenya na Rhodesia ya Kaskazini. Mapori yakaanza kufyekwa Kongwa, kisha Urambo na Nachingwea, na kwa kuwa matrekta hayakutosha, hata vifaru vya Sherman viligeuzwa kuwa matrekta. Januari 1951 serikali ilitangaza kuachana na mpango huo, na pauni milioni 36 hivi zikafutwa vitabuni. Sisi tukabakiwa na bandari ya kina kirefu, mji wa Mtwara wenyewe, na reli ya kwenda Nachingwea, ambayo nayo iling'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960.

Hatua ya pili: andikeni mambo hayo yote kwenye karatasi, kila moja kwenye mstari wake, kisha zungushieni duara moja tu. Mimi nazungushia zao lenyewe na kusema kwamba karanga zimekubali. Siongezi mvua ya muujiza, sibadilishi waziri, wala simleti mgeni kutoka mwezini. Ukigeuza mambo mawili, msomaji hajui tena acheke lipi. Angalieni pia msije mkajifuta wenyewe: nikisema kwamba mpango huo haukuwahi kuja, basi hakuna bandari, hakuna mji huu, na video hii ningekuwa naipigia Mikindani, mji mkongwe wa jirani.

Hatua ya tatu ndiyo yenye kazi, kwa hiyo naomba tuikalie kidogo. Fuateni matokeo mmoja baada ya mwingine mpaka yafike kwa mtu wa kawaida. Anayeanza huandika KARANGA ZASTAWI NACHINGWEA na kuona amemaliza. Lakini hiyo ni taarifa ya bwana shamba, haimchekeshi mtu. Endeleeni: karanga zikikubali, reli haing'olewi, reli isipong'olewa, treni inapita kila siku, treni ikipita kila siku, watu wanaizoea, na binadamu akishazoea jambo jema, hulilalamikia. Hapo kichwa kinajiandika chenyewe: TRENI YA NACHINGWEA YACHELEWA DAKIKA NNE, ABIRIA WADAI NAULI. Yeyote aliyewahi kulala barabarani wakati wa masika akisubiri basi linasuliwe kwenye tope, kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa Rufiji mwaka 2003, atazicheka hizo dakika nne kuliko atakavyocheka karanga zote za Nachingwea. Mkitaka cha pili, geukieni mnada: katika historia yetu mpya mwenye nguvu sokoni si korosho, na hivyo tunapata WANUNUZI WA KANGOMBA WANASWA NA MAGUNIA YA KARANGA. Kangomba ni ule ununuzi haramu wa mazao nje ya mnada rasmi; zao limebadilika, kangomba ni ileile.

Hatua ya nne ni sarufi ya kichwa cha habari. Magazeti yetu hayasemi “Treni imechelewa”. Husema “Treni yachelewa”. Ondoeni “ime” na “wame”, tumieni kiambishi cha “a” peke yake, na habari itasikika kama imetoka kwenye mashine ya kuchapia. Chini ya kichwa wekeni aya moja ya lugha ya kiofisi: “Mkuu wa Stesheni amewaomba abiria radhi na kueleza kuwa ucheleweshaji huo ulisababishwa na dereva aliyeshuka kununua maembe.” Msiweke alama ya mshangao popote, kwani anayecheka kabla ya msimulizi kumaliza ndiye anayeharibu kisa.

Kwa mazoezi, chukueni mifupa ya dinosaria ya Tendaguru, mkoani Lindi. Kati ya mwaka 1909 na 1913 Wajerumani waliichimba na wapagazi wakaibeba hadi bandarini Lindi, na leo yule mjusi mrefu wa zaidi ya mita 13 amesimama Berlin. Duara langu naliweka kwenye meli ya kuichukua mifupa hiyo: haikufika Lindi. Kichwa ni WANAFUNZI WA BERLIN WAWASILI LINDI KUMTAZAMA MJUSI, na kidogo chini yake, PAA LA MAKUMBUSHO LAINULIWA MARA YA TATU. Kingine tafuteni wenyewe.

Kuna habari ambazo mimi sizigusi. Vita vya Maji Maji na njaa iliyofuata vilimaliza watu wengi Kusini, na sioni duara la kuwekea utani pale.

Hatua ya mwisho ni kupanga ukurasa. Tumieni safu tatu nyembamba, rangi ya karatasi iliyochakaa, na jina la gazeti mlilolibuni, si la gazeti lililopo wala lililowahi kuwapo. Kisha gongeni neno UTANI kwa herufi nene katikati ya picha, si pembeni ambako mtu anaweza kulikata. Mimi mara ya kwanza niliweka pembeni. Ukurasa ukazunguka kwenye makundi ya WhatsApp bila ile pembe, na siku ya tatu mjomba wangu wa Nachingwea akanipigia simu kwa upole kabisa, akitaka kujua tikiti za daraja la pili zinakatwa wapi.