Rodi Iacheni Nyumbani

Haya jamani, nani hapa hajawahi kuniuliza "mzee, sehemu nzuri ya kuvua bila boti ni wapi?" Mikono miwili tu. Wengine wote niliwajibu hivi hivi, nendeni ufukwe wa Coco, nendeni Kunduchi, popote pale hapa Dar, ila nendeni saa nne asubuhi siku za bamvua, yale maji makubwa ya mwezi kuandama na mwezi mpevu, na rodi, ile fimbo ya kuvulia, iacheni nyumbani. Na hakuna hata mmoja aliyeiacha.

Siwalaumu, mi mwenyewe nilikuwa mbishi. Mwaka mzima nilikuwa naenda kwenye yale mawe ya Coco, mbele kidogo ya wauza mihogo, jioni maji yamejaa, natupa kwa nguvu zangu zote, ikienda mbali ndo najiona fundi. Napata nini? Majani, na ndoana kunasa. Pembeni yangu anakaa mzee mmoja, rodi hana, ana mshipi kauzungushia kwenye chupa ya maji, chubwi yake, ule uzito wa kuzamisha mshipi, ni nati ya gari, anatupa hapo hapo mbele, hatua kumi na tano haziishi. Na anatoa changu. Anatoa chaa. Siku moja akatoa kolekole nikakunja vitu vyangu nikaondoka, nikajua huyu ana dawa.

Nilipomuuliza akaniambia, "Kijana, njoo kesho saa nne uone shamba." Mwezi mpevu ulikuwa umepita jana yake, kwa hiyo ni bamvua lenyewe, nafika nakuta bahari imeenda zake huko, miamba yote nje, watu wanachokonoa pweza. Tukashuka. Pale nilipokuwa natupa mimi ni mwamba mtupu, tambarare, na majani kidogo, sasa samaki akae pale anafanya nini? Kumbe mwaka mzima nilikuwa navua uwanja wa mpira! Pale kwake kuna mfereji, upana kama meza hii mara mbili, kina cha kiunoni, unatoka kwenye mwamba wa nje unakuja mpaka karibu na nchi kavu, na mwisho wake kuna shimo limeingia chini ya jiwe. Maji yakianza kujaa yanapita hapo kwanza, na samaki nao humo humo wanafuata kaa na kamba. Akanionyesha na alama, nguzo ya umeme ikikaa sawa na kona ya ukuta mweupe, tupa. Nimerudi saa nane maji yanapanda, sijamaliza hata chambo, nina changu wanne.

Najua kuna kijana pale nyuma anataka kusema siku hizi kuna picha za setilaiti kwenye simu. Zipo, hata mi naziangalia. Unaona weusi na weupe, haya, ule weusi ni shimo au ni majani? Nenda ukakanyage. Na mwingine atasema aende siku yoyote ile maji yakipwa. Hapana! Maji mafu, yale ya mwezi nusu, hayatoki, yanasogea kama mita moja hivi basi, bamvua kwa hapa Dar linapita mita 3, ndo maana linakufunulia mpaka chumbani. Mwezi ukiandama na mwezi ukiwa mpevu, siku moja mbili baadaye, huhitaji hata jedwali.

Naambiwa dakika tano. Haya, haraka haraka. Midomo ya mito nayo ni mizuri, ila ule wa Msimbazi vueni kwa mazoezi tu, mi siwezi kumla samaki wa pale. Kusi likivuma tafuteni ghuba iliyojificha, la sivyo mtavua majani mpaka Septemba. Bandarini msisogee, mtafukuzwa. Visiwa vya Mbudya na Bongoyo ni hifadhi tangu 1975, msinitajie. Bunju, yule samaki wa sumu anayejivimbisha, akishika ndoana mrudisheni, usijaribu kumpika hata kama umeona mtu kwenye simu anampika. Na mkiwa kule nje kwenye mwamba angalieni nyuma, maji hayaji kwa mbele, yanaanza kujaza mfereji nyuma yako wakati we unapiga selfi.

Habari ya chambo nilikuwa nayo ndefu, basi, siku nyingine. Bamvua lijalo tukutane pale kwenye mihogo saa tatu na nusu, vaeni viatu vyenye soli ngumu, na nikimuona mtu na rodi namrudisha.