Jinsi ya Kupima Kiwango cha Fahamu cha Mgonjwa

Karibuni, watazamaji. Mnayemwona kitandani anaigiza kijana aliyeanguka na pikipiki na kugonga kichwa. Tutampima kwa kipimo cha Glasgow, kilichotolewa mwaka 1974 na Graham Teasdale na Bryan Jennett wa Chuo Kikuu cha Glasgow, Uskoti, ili wahudumu waache kuandika "hajitambui" au "amelegea", maneno ambayo kila mtu huyaelewa kivyake.

Kwanza hakikisha kwamba njia ya hewa iko wazi, kisha tazama kama kuna kitakachozuia majibu: macho yaliyovimba, mpira wa kupumulia kooni, ulevi, au lugha. Hili la lugha naomba mlitilie maanani, kwa maana nimewahi kumwona bibi aliyeandikwa kuwa amechanganyikiwa, kumbe hakujua Kiswahili, na alipoulizwa kwa Kigogo alijibu yote bila kukosea.

Tuanze na macho. Akiwa ameyafumbua mwenyewe kabla hujasema neno, mpe alama 4. Akifumbua baada ya kuitwa, mpe 3. Asipoitika, bana ukucha wake kwa ubavu wa kalamu, ukiongeza nguvu polepole kwa muda usiozidi sekunde 10. Akifumbua ni 2, asipofumbua ni 1. Usimsugue mfupa wa kidari, kwani utamchubua bure.

Kisha muulize jina lake, mahali alipo na mwezi huu ni upi. Anayejibu sawasawa hupata 5, anayezungumza lakini amechanganyikiwa 4, anayetamka neno mojamoja lisilojenga mazungumzo 3, anayeguna tu 2, na aliye kimya 1.

Kwenye viungo twende taratibu, maana hapa ndipo wengi hukosea. Mwambie, "Shika vidole vyangu, sasa viachie." Kuachia ni muhimu, kwa sababu hata mtu asiye na fahamu anaweza kufumba kiganja kikiguswa. Akitii yote mawili, ni 6. Asipotii, minya msuli ulio kati ya shingo na bega, na utazame mkono: ukipanda juu ya mtulinga kuufuata mkono wako ni 5, kiwiko kikikunjwa haraka bila mkono kufika huko ni 4, mkono ukijikunja polepole na kulala kifuani ni 3, kiwiko kikinyooka ni 2, usipotikisika ni 1. Mikono ikitofautiana, andika alama ya ule uliojibu vizuri zaidi.

Jumla huwa kati ya 3 na 15, na mgonjwa wa 8 au chini ya hapo yumo hatarini kushindwa kuilinda njia yake ya hewa, kwa hiyo daktari aitwe mara moja. Hata hivyo, msiandike jumla peke yake. Andikeni "macho 2, maneno 3, viungo 5", kwa sababu jumla ileile huweza kuficha hali tofauti kabisa.

Kwa mtoto mdogo asiyejua kusema, hasa mwenye malaria kali, tumieni kipimo cha Blantyre kilichobuniwa Malawi, chenye alama 0 hadi 5, ambapo 2 kushuka chini ni dalili ya kupoteza fahamu kabisa. Na awe mtoto au mtu mzima, mtobo wa kidole wa kupima sukari usikosekane, kwa kuwa sukari iliyoshuka hutibika kwa dakika chache.

Sasa andika saa uliyopima, na baada ya nusu saa rudi kitandani umpime tena.