Macho ya Wavu: Kuyaingiza Maji ya Rufiji Ndani ya Kompyuta

Asanteni kwa kuvumilia mpaka saa hii. Nianze na swali kwa wazee wavuvi waliokaa hapa mbele. Wavu wa dagaa na wavu wa papa, macho yake ni sawa? (Kicheko.) Basi nusu ya mhadhara mmeshaimaliza. Nusu iliyobaki ndiyo iliyonisumbua mimi mwaka mzima.

Kompyuta haijui maji, inajua hesabu tu. Tukitaka ituambie maji yanavyoingia na kutoka katika delta ya Rufiji, inabidi tuigawe delta vipande vipande, aghalabu pembetatu. Kila kipande tunakipa kina chake, na kompyuta inahesabu kiasi gani cha maji kimeingia upande huu na kiasi gani kimetokea upande ule. Vipande vyote vikishikana, huo ni wavu: una vifundo, yaani pembe za vipande zinapokutana, na una macho, yaani vipande vyenyewe.

Mwanafunzi huuliza mara moja: kwa nini macho yasiwe madogo kila mahali? Haya, tuhesabu. Wimbi la maji kujaa hukimbia kwa kadiri ya kina. Penye kina cha mita 10, mwendo wake ni karibu mita 10 kwa sekunde, kwa hiyo jicho la mita 20 hulivuka kwa sekunde 2. Katika programu ninayotumia, hesabu ikiruka hatua ya muda iliyo ndefu kuliko hizo sekunde 2, namba zinalipuka, bahari inapanda mpaka mawinguni. Kanuni hiyo waliiandika wanahisabati Courant, Friedrichs na Lewy mwaka 1928, kompyuta bado hazijazaliwa. Sasa punguza upande wa jicho kwa nusu: macho yanakuwa mara 4, hatua za muda mara 2, kazi mara 8. Kilichokuwa kikiisha usiku mmoja kinakula wiki nzima na ziada.

Kwa hiyo huku nje, upande wa kisiwa cha Mafia, naacha macho ya kilomita nzima. Kwenye milango ya mto nayabana hadi makumi machache ya mita. Na mabadiliko yaende polepole, maana jicho kubwa likikaa bega kwa bega na jicho dogo sana, wimbi linagonga pale kama limekutana na ukuta. Pembetatu nyembamba kama sindano nazo ni balaa. Naziwinda moja moja.

Niwaambie kosa langu mwenyewe. Wavu wangu wa kwanza ulipendeza mno kwenye skrini. Nikauendesha wakati wa bamvua, bahari inapojaa kupita siku za kawaida, na kijito kimoja ndani ya mikoko kikabaki kikavu, maji yamejaa pande zote. Nikalaumu data, nikalaumu programu. Siku ya tatu nikavuta picha karibu: kijito kizima nilikiwekea jicho moja tu kwa upana. Kila pembetatu ilikuwa na kifundo kimoja au viwili juu ya ukingo, na programu ile, kifundo kimoja kikiwa kikavu, jicho zima inalifunga. Nilikuwa nimejenga boma kwa mikono yangu. Tangu siku hiyo kijito kinapata macho manne au matano kwa upana, nayo nayalaza kwa urefu kufuata mkondo. Maji ya kijito yanakwenda mbele na nyuma. Kwa upande hayana safari.

Halafu kuna kina chenyewe. Ramani za baharini hupima kutoka maji yanapopwa kabisa, za nchi kavu hupima kutoka usawa wa wastani wa bahari. Kwetu tofauti hiyo ni karibu mita 2. Ukizishona ramani hizo bila kusawazisha, ama unauzamisha msitu wa mikoko moja kwa moja, ama hauloi kabisa. Na kujua kina si jambo dogo: mwaka 1914 manowari ya Kijerumani, Königsberg, ilijificha humu Rufiji, na Waingereza wakashindwa kuifuata kwa sababu meli zao kubwa zilihitaji maji mengi kuliko yaliyopo. Mpaka Julai 1915 walipoleta Severn na Mersey, meli bapa zinazoelea kwenye maji haba, ndipo ikaangamizwa.

Swali letu la leo lipo upande wa juu. Bwawa la Julius Nyerere, la megawati 2,115, lilianza kujazwa maji Desemba 2022. Maji matamu yakija kwa ratiba ya mitambo badala ya ratiba ya masika, chumvi ya bahari itapanda mtoni mpaka wapi? Mkulima wa mpunga wa delta anataka jibu la shamba lake, na shamba lake ni dogo kuliko jicho langu la kilomita.

Kabla ya kuusuka wavu wa pili nilikwenda na kompyuta yangu kwa mzee mmoja anayevua huko. Akautazama muda mrefu, akaweka kidole juu ya mstari wa buluu niliouchora kutoka picha ya setilaiti. "Hapa pamezibwa na mchanga, mwanangu. Siku hizi tunapita huku," akasema, akisogeza kidole kushoto, mahali ambapo mimi nilikuwa nimepaka rangi ya nchi kavu.

Haya, maswali.