Kutoka Alama za Farasi hadi Odi: Mhadhara kwa Wanafunzi wa Takwimu

Habari za jioni. Nashukuru mmekuja, hasa nyinyi wa mwaka wa kwanza.

Niwaandikie farasi wanne ubaoni. Wa kwanza ana alama 90, wa pili 85, wa tatu 80, wa nne 70. Ni alama za mtindo wa Uingereza, ambako alama moja ni ratili moja ya uzito mgongoni. Mkadiriaji akisema huyu ni 90 na yule ni 80, maana yake ni kwamba ukimbebesha wa kwanza ratili 10 zaidi, wanatarajiwa kufika pamoja. Leo wote wanabeba uzito sawa. Je, kila mmoja apewe odi gani, yaani moja ikigawanywa kwa uwezekano wake wa kushinda?

Wengi hukimbilia kujumlisha na kugawanya. Jumla ni 325. Tisini kwa 325 ni asilimia 27.7, yaani odi ya 3.61. Wa mwisho anapata asilimia 21.5, odi 4.64. Hebu tuitazame hiyo namba ya mwisho. Katika mbio za mita 1,000, wakadiriaji wa Uingereza huhesabu urefu wa farasi mmoja kuwa kama ratili 3. Ratili 20 ni zaidi ya urefu wa farasi sita. Farasi anayetarajiwa kuachwa hivyo, sisi tunasema atashinda zaidi ya mara moja katika kila mbio tano! Mtu yeyote aliyewahi kusimama kwenye uzio wa Ngong siku ya mbio atakataa.

Sasa toeni 60 kwenye kila alama. Tunabaki na 30, 25, 20 na 10. Farasi ni wale wale, na wamepishana vile vile. Rudieni hesabu: wa kwanza anashuka hadi odi 2.83, wa mwisho anapanda hadi 8.50. Njia inayobadilisha jibu kwa sababu tu tumehamisha sifuri haifai. Nyuzi 30 za Mombasa si joto mara mbili ya nyuzi 15 za Limuru, na alama za farasi ni hivyo hivyo. Kinachobeba habari ni tofauti kati yao.

Basi tuigeuze tofauti kuwa uwiano. Tuseme kila ratili 5 farasi anazozidiwa, nafasi yake inakatika nusu. Wa kwanza mpeni mafungu 16, wa pili 8, wa tatu 4. Wa nne yuko ratili 10 nyuma ya wa tatu, kwa hiyo anakatwa nusu mara mbili, anabaki na 1. Jumla 29. Odi zinatoka zenyewe: 1.81, 3.63, 7.25 na 29. Ongezeni au punguzeni 60 mpendavyo, hazitikisiki.

Hiyo ratili 5 nimeichagua ili hesabu ikae vizuri ubaoni. Katika kazi halisi hutafutwa kwenye matokeo ya zamani: unachagua kipimo ambacho kingewapa washindi halisi uwezekano mkubwa kuliko kipimo kingine chochote. Mwaka 1986 Ruth Bolton na Randall Chapman walichapisha modeli ya namna hii kwa mbio za farasi, na bado ndiyo ninayowashauri muanze nayo.

Tahadhari moja kuhusu mbio za handikapu. Humo farasi wa 90 anabebeshwa ratili 10 zaidi ya yule wa 80, kwa hiyo alama rasmi zinafutana na kila farasi anabaki na nafasi sawa. Ukiingia humo bila alama zako mwenyewe, zilizopima hali ya uwanja, umbali na mpanda farasi, huna chochote cha kubadilisha kuwa odi.

Na odi tulizopata si za kulipwa. Hong Kong dau zote za ushindi huingia kwenye mfuko mmoja, na klabu inayoendesha mbio hukata asilimia 17.5 kabla ya kulipa. Farasi wetu wa pili, hata umati wa wanaobeti ukimkadiria sawasawa kabisa, analipa 2.99 badala ya 3.63. Anayebeti hapo anapoteza, hata kama hesabu yake haina dosari.

Aliyeonyesha njia ya kupita hapo ni Bill Benter, Mmarekani aliyebeti kwa kompyuta, katika makala yake ya mwaka 1994 kuhusu mbio za Hong Kong. Modeli yake ilikuwa nzuri, lakini pale ilipompa farasi nafasi kubwa kuliko umati ulivyompa, ukweli kwa kawaida uliangukia katikati. Umati ulijua mambo ambayo modeli haikuyajua. Kwa hiyo aliuchanganya uwezekano wa modeli na ule uliofichika ndani ya odi za umati, akaacha matokeo ya zamani yaamue kila upande upewe uzito gani. Kwangu mimi hiyo ndiyo hatua kubwa kuliko zote katika kazi hii, na ndiyo inayorukwa zaidi.

Kwa wiki ijayo, chukueni matokeo ya mbio za zamani zenye farasi wanne kama zetu, mpe kila farasi odi kabla ya kufungua ukurasa wa washindi. Kisha wakusanyeni wote mliowapa karibu 7.25, mhesabu kama ameshinda takriban mmoja katika kila saba. Wakishinda wachache mno, kipimo chenu cha ratili ni kipana kupita kiasi, kipunguzeni, mrudie.